Picha ya buluu iliyotengenezwa kwa barafu: uzoefu wangu

Mwezi wa tisa nilinunua picha ya sayanotaipu, yaani picha ya buluu inayotokezwa kwa dawa na mwanga wa jua, kwa msanii mmoja anayefanyia kazi uani kwake hapa Dodoma. Haina mtu, haina mlima, haina mbuyu. Ni karatasi nzito yenye ukubwa wa sinia la chai, katikati buluu iliyokolea, pembeni inapauka hadi nyeupe. Nililipa shilingi 90,000 pamoja na fremu. Nimekaa nayo miezi mitano, sasa naweza kuisemea.

Nilimkuta kazini, na kwangu hilo peke yake lilistahili nusu ya hela. Karatasi hupakwa mchanganyiko wa dawa mbili zenye chuma, tena ndani, mbali na jua. Hapo rangi yake ni kijani cha kuelekea njano. Akaitoa uani, akapanga juu yake vipande vya barafu, hii hii ya mifuko ya nailoni tunayonunua dukani. Ilikuwa saa saba mchana. Kipande cha mwisho hakijawekwa, cha kwanza kilishaanza kutiririka. Mionzi ya urujuanimno ya jua ndiyo inayoigeuza dawa kuwa buluu, na maji ya barafu yakipita yanaichukua dawa na kuacha mapito meupe. Mwisho karatasi inasuuzwa, na dawa ambayo haikupata jua inaondoka na maji. Sayanotaipu yenyewe aliibuni Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuitumia kutoa picha za mwani wa baharini. Kwa hiyo mkono wa msanii hauchori mstari hata mmoja. Yeye anapanga barafu na kuamua lini asuuze. Mengine ni ya maji na jua.

Siku za mwanzo niliona barafu tu, nzuri, ya kupoza macho. Kisha maji yakakatika mtaani siku nne. Madumu yakapangwa koridoni, chini ya ile picha, na usiku mmoja nimesimama pale na taa ya simu nikaona kitu kingine kabisa.

Nimekulia Mvumi. Kiangazi korongo letu lilikuwa mchanga mtupu, na maji tuliyafuata chini. Unachimba kwa mikono na kipande cha kibuyu hadi mchanga ugeuke mweusi, halafu unakaa, unangoja. Maji hayaji kwa haraka. Yanaanza kung'aa upande mmoja wa shimo, yanajikusanya, na wewe unayachota kwa kata taratibu ili usiyatibue. Sasa kona ya chini kulia ya picha yangu, pale kipande cha mwisho cha barafu kilipoyeyukia, kuna pete tatu, moja ndani ya nyingine. Ya nje ni nyeupe kama chumvi, ya kati samawati, ya ndani karibu nyeusi, ina vitone vidogo vya mapovu. Ni shimo letu lile, limetazamwa kutoka juu. Nilibaki pale hadi simu ikazimika.

Kuhusu huduma, sikuridhika sana. Nyuma ya fremu palibandikwa gundi hafifu, na vumbi la Dodoma halihitaji mlango. Fundi mwingine aliiziba kwa shilingi 8,000. Kubwa zaidi, sikuambiwa kwamba picha hizi hazitakiwi kutundikwa mkabala na dirisha lenye jua. Mwanzoni niliiweka sebuleni, na kufikia mwezi wa kumi na moja buluu ilikuwa imefifia. Niliumia. Nikaiingiza kabatini, gizani, kama wiki tatu, na rangi ikarudi, maana buluu hii ikipauka kwa mwanga hujirudia ikipumzishwa gizani penye hewa. Maji ya sabuni au magadi visiiguse karatasi, vinakula buluu. Muuzaji angeyasema haya mwenyewe.

Hata hivyo nitarudi kununua ya pili, kubwa zaidi.

Wiki iliyopita Mama alikuja kutoka kijijini. Wageni wengine huuliza hii ni picha ya nini. Yeye hakuuliza. Aliweka mkoba chini, akasogea hadi kwenye kioo, akaelekeza kidole kwenye zile pete.

"Hapa yako karibu, mwanangu," akasema. "Usichimbe sana."