Muhula mzima mbele ya skrini isiyofunguka: uzoefu wangu wa uzamili wa menejimenti ya teknolojia ya habari

Nilipojiandikisha miaka michache iliyopita kusoma shahada ya uzamili ya menejimenti ya teknolojia ya habari, katika chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam ambacho sitakitaja jina, nilikuwa na furaha ya mtoto aliyeshonewa sare mpya. Kilichonivuta kilikuwa somo moja tu, lile la programu za kuendeshea biashara, ambalo tangazo la chuo liliahidi kuwa tungelisoma kwa vitendo ndani ya SAP yenyewe, mojawapo ya programu hizo. Ada, orodha ya masomo na urefu wa kozi ni mambo ambayo yeyote anaweza kuyasoma kwenye tangazo hilo, kwa hiyo sitayagusa. Ninachotaka kukieleza ni maabara ya kompyuta na yaliyonikuta humo.

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi, na kwa miaka mingi meza yangu imekuwa kati ya stoo na ofisi ya manunuzi. Ninaujua vizuri uchungu wa kuletewa ankara ya mifuko 600 ya saruji huku watu wa stoo wakiapa kuwa iliyoshushwa kwenye lori ni 540. Oda iko kwenye faili la mnunuzi, hati ya kupokea mzigo iko kwenye droo ya mtunza stoo, ankara iko kwangu, na mwenye mali amesimama mlangoni anadai hela yake. Nilikwenda chuoni kwa sababu nilisikia kuwa zipo programu ambazo hati hizo tatu hukaa mahali pamoja na kukaguana zenyewe kabla senti haijatoka. Nilitaka kuliona jambo hilo kwa macho yangu na kulifanya kwa mikono yangu.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Tuligawiwa vitini vya mazoezi ya Global Bike, kampuni ya kubuni inayouza baiskeli, yenye shughuli zake Marekani na Ujerumani, ambayo vyuo vingi duniani huitumia kufundishia SAP. Kila mwanafunzi hupewa namba yake ya tarakimu tatu, na namba hiyo huiambatanisha kwenye kila bidhaa na kila mzabuni anayemwandikisha, ili kazi yake isichanganyike na ya jirani yake. Mimi nilipewa 017. Niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari langu. Jioni ya kwanza tuliingia kwenye mfumo, tukabadilisha nenosiri, tukaitazama menyu, muda ukaisha, tukaenda nyumbani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Wiki iliyofuata mfumo ulitukataa sote. Tulidhani tumekosea nenosiri, tukajaribu tena na tena mpaka aliyekuwa karibu na mlango akauliza kama kuna hata mmoja aliyeingia, na chumba kizima kikanyamaza. Wiki ya tatu ikawa hivyo hivyo, na ya nne pia. Mwishowe tulikuja kuambiwa na mratibu wa kozi kuwa mfumo huo haukai pale chuoni, bali hutunzwa na kituo maalumu kinachovihudumia vyuo vingi kwa pamoja, kwamba ruhusa ya chuo chetu ilikuwa imekwisha muda wake, na kwamba barua ya kuihuisha ilikuwa bado inasubiri saini. Sisi tulikuwa tumekwishalipa ada ya maabara kabla hata ya kupewa vitambulisho.

Yote hayo pengine ningeyavumilia, kwa sababu anayefanya kazi ofisini anajua kuwa barua huweza kukwama. Lililoniuma ni jioni moja ya katikati ya muhula, nilipotoka kazini Kariakoo nikiwa nimeomba ruhusa ya saa moja, nikapanda mwendokasi nikiwa nimesimama njia nzima, ili niwahi kumwona msimamizi wa maabara kabla hajafunga. Nilimkuta kijana ambaye anaweza kuwa sawa na kitinda mimba wetu, mguu mmoja ukiwa juu ya kiti, simu mkononi. Shikamoo sikuingoja. Nilimuuliza kwa upole kama kuna matumaini ya mfumo kufunguka wiki ile. Hakuinua macho. Alisema, "Mama, kwani una haraka gani? Hata ukifunguka, huko kazini kwenu mtautumia wapi?"

Nimeyaandika maneno yake kama yalivyotoka, na kila nikiyakumbuka kifua kinajaa upya. Mtu anayelipwa mshahara kwa ada zetu anawezaje kuamua kuwa mhasibu wa duka la saruji na nondo hastahili kujua anachokwenda kujifunza? Niliondoka bila kumjibu, na usiku ule niliandika kwenye daftari kuwa kozi hii ni wizi wa mchana, na kwamba nikipata nafasi ya kumshauri mtu nitamwambia akimbie.

Baada ya hapo tukawa tunaonyeshwa picha za skrini kwenye projekta. Tulikariri misimbo ya kufungulia kurasa za SAP, yaani ME21N ya kuandika oda, MIGO ya kupokea mzigo na MIRO ya kuingiza ankara kama watoto wanaokariri jedwali la kuzidisha, na hakuna aliyebonyeza chochote. Ilikuwa ni kufundishwa kupika pilau kwa kunusishwa sufuria ya jirani.

Hata hivyo haki ya mtu ni lazima niiseme, na hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba. Mhadhiri wa somo lile, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi kiwandani kabla ya kuingia ualimu, alikuja jioni moja na madaftari 10 ya kawaida ya shule na karatasi chache, akatuagiza tusogeze viti. Mimi nikawa mnunuzi, kaka mmoja wa benki akawa mtunza stoo, na dada aliyekaa nyuma akawa mhasibu. Niliandika oda ya madaftari 10. Mwalimu akamkabidhi mtunza stoo madaftari 9, moja akalificha chini ya mkoba wake, kisha akampelekea mhasibu ankara ya madaftari 10. Halafu akashika chaki. Mzigo ulipopokelewa, aliandika madaftari 9 upande wa debiti wa akaunti ya bidhaa, na 9 upande wa krediti wa akaunti ya mpito, ile inayoushikilia mzigo kwenye vitabu mpaka ankara yake ifike. Ankara ilipoingia, akaandika 10 upande wa debiti wa akaunti hiyo hiyo ya mpito, na 10 upande wa krediti wa mzabuni. Alipopiga mstari chini, lilibaki daftari moja peke yake kwenye akaunti ya mpito, halina pa kwenda.

"Hilo ndilo mfumo unalokwama nalo," alisema. "Ankara inaingia, lakini malipo yanazuiwa. Sasa niambieni, nani mwenye mamlaka ya kuondoa kizuizi hicho, na je, ni mtu yule yule aliyeandika oda?"

Nilihisi nywele zikinisisimka. Kwetu kazini, kwa miaka yote ile, ingawa hati zilikaa kwa watu tofauti, mtu mmoja ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika kuagiza saruji, kuhesabu mifuko ikishushwa na kupitisha malipo, na sikuwahi kulitazama jambo hilo kama kasoro. Nililiona kama uaminifu wa mzee wa kazi. Asubuhi iliyofuata nilifungua faili, nikapanga oda, hati za mapokezi na ankara za miezi michache juu ya meza, nikazilinganisha moja moja kama tulivyofanya na madaftari. Niliyoyaona sitayaeleza hapa, ila bosi wangu alikaa chini akanisikiliza mpaka mwisho, na tangu siku ile kazi zile tatu zinafanywa na watu watatu. Kwa jioni moja ile, nilisema moyoni kuwa ada yangu yote imerudi.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimekisifu chuo. Lakini mtihani wa mwisho ulikuja, na sehemu kubwa ya alama ilihusu hatua za kubonyeza ndani ya mfumo ambao tuliuona jioni moja. Swali la kizuizi cha malipo, ambalo ningelijibu hata usingizini, halikuwemo. Nilipokwenda kwa mratibu, alinijibu kuwa wapo waliofaulu. Ni kweli wapo, wale ambao waajiri wao tayari wanatumia SAP na wanaifungua kila asubuhi kazini. Sisi wengine tulikuwa tumelipa ili tuifikie, na chuo kikatupima kana kwamba kilitufikisha.

Mazoezi yangu nimeyafanya nyumbani, usiku watoto wakishalala, kwa toleo la bure la Odoo, programu nyingine ya kuendeshea biashara, nililoliweka kwenye kompyuta yangu. Si SAP, na menyu zake ni tofauti kabisa, lakini oda inaandikwa, mzigo unapokelewa, na ankara iliyozidi mzigo inaonekana. Ilinichukua majuma kadhaa kulielewa peke yangu, majuma ambayo nilikwishayalipia kwingine.

Mdogo wangu wa kike ameniuliza kama naye ajiandikishe pale mwaka ujao. Mara ya kwanza nilimwambia hapana. Nikamkumbuka yule mama na madaftari yake, nikamwambia ndiyo, kisha nikaikumbuka sauti ya yule kijana, nikanyamaza. Tumekubaliana kuwa kabla hajaomba namba ya malipo nitamsindikiza mwenyewe mpaka maabara, aketi kwenye kompyuta, naye aombe kuona oda moja, hata ya daftari moja, ikiandikwa na kuhifadhiwa mbele ya macho yake.