Saa ya siku kwa mzee mwenye demensia: kioo kinasema 2:00, yeye anajua saa nane

Saa hizi zinazouzwa mtandaoni kwa ajili ya wazee wanaosahau zinafanana karibu zote. Kioo cha inchi 8, maandishi meupe kwenye weusi, siku na mwezi kwa kirefu, kisha kipindi: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Wazo lenyewe ni zuri. Demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu na fikra, hasa ya aina ya Alzheimer, huwahi kushambulia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, ilhali uwezo wa kusoma huweza kubaki muda mrefu. Mzee ameambiwa leo Jumanne, dakika tano baadaye anauliza tena. Si ukaidi, jibu halikupata pa kukaa. Saa humjibu mara ya hamsini bila kununa. Faida kubwa huonekana jioni: aliyelala mchana akaamka saa kumi na moja hudhani ni alfajiri, akaanza kutafuta kanzu na bakora. Neno moja kubwa ukutani laweza kumrudisha kitini.

Tatizo ni kwamba modeli nyingi hazina Kiswahili. Mzee anaandikiwa «Tuesday Afternoon 2:00 PM», naye maisha yake yote hiyo ni saa nane mchana. Wengine hujaribu ujanja wa kuirudisha saa nyuma kwa saa sita. Usifanye. Saa nane mchana kioo kitaonyesha 8:00, sawa, lakini chini yake kitaandika asubuhi, na tarehe haitabadilika mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Afadhali utafute modeli inayokuruhusu kuficha tarakimu ukabaki na siku na kipindi tu. Hata hapo, kwa wazee wengi wa pwani usiku wa Ijumaa huanza Alhamisi ikishaadhiniwa magharibi. Akibishana na kioo saa mbili usiku, huenda haumwi hata kidogo.

Umeme nao. Ile betri ndogo ya duara iliyo nyuma hutunza kumbukumbu ya saa tu, haiwashi kioo. Umeme ukikatika kioo huzima. Na betri hiyo ikiwa imekufa, umeme ukirudi utakuta saa sita usiku, Januari mosi. Saa inayodanganya ni mbaya kuliko ukuta mtupu, kwa hiyo ijaribu kabla hujaitundika: iweke sawa, ichomoe kwa saa moja, irudishe uone. Nyingi hutumia volti 5, hivyo pawabenki huzitosha.

Itundike usawa wa macho ya mtu aliyekaa, mita mbili hivi kutoka kiti chake, mbali na dirisha. Mwanga ukipiga kioo, anaona sura yake mwenyewe na huenda akadhani kuna mtu chumbani. Ondoa saa nyingine zote. Mwenye mtoto wa jicho atibiwe macho kwanza.

Kengele ya dawa tusingeitegemea. Inalia, mzee anatazama mlangoni au anatafuta simu. Hata akielewa, saa haijui kama amemeza, na anayesahau humeza mara mbili. Dawa zishikwe na mtu.

Haitamfaa aliyefikia hatua ya kutotambua maandishi. Na ikiwa amechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, acha habari ya saa umpeleke hospitali: malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au sukari iliyoshuka hufanya hivyo, na hutibika.

Kwa anayesoma Kiingereza bila shida, nunua. Kwa wengine, ubao mweupe na kalamu nyeusi nene unashinda: JUMANNE, ASUBUHI, na mstari mmoja tu, kwa mfano «Asha anakuja saa kumi». Herufi ziwe na urefu wa sentimita 5 au zaidi. Apangiwe mtu mmoja wa kuufuta na kuuandika upya kabla mzee hajaamka, kisha abadilishe kipindi adhuhuri na magharibi.