Stesheneri ya Kabwe, Mbeya: vipeo vilibaki juu

Nyota nne. Niliwapelekea tasnifu yangu ya uzamili waichape na kuifunga, stesheneri ndogo pale Kabwe, upande wa kuelekea Mwanjelwa.

Tasnifu inahusu fanksheni korofi: ni laini, zina derivativi (kasi ya kubadilika) za kila daraja, lakini mfululizo wa Taylor, yaani jumla isiyo na mwisho ya vipeo vya x inayojengwa kwa derivativi za nukta moja, hauzipati popote. Mfano mpole ni e^(-1/x²), ukiipa thamani sifuri pale x = 0. Derivativi zote hapo ni sifuri, basi mfululizo unasoma sifuri tupu huku fanksheni yenyewe inapanda. Hiyo hukorofisha nukta moja tu. Mwaka 1954 mwanahisabati Morgenstern alionyesha kwamba fanksheni laini zilizo nyingi, kwa maana ya Baire (njia ya kihisabati ya kusema kundi lipi ni kubwa na lipi ni dogo), hukorofisha kila nukta. Na utamu wenyewe ni huu: ukijumlisha korofi mbili unaweza kupata kitu kitulivu kabisa, hata hivyo ndani ya kundi la korofi mna nafasi ya vekta (ukijumlisha zilizomo au kuzizidisha kwa namba hutoki nje) yenye dimensheni zisizo na kikomo, ambamo kila fanksheni ni korofi isipokuwa sifuri. (Msimamizi wangu bado anasema nimeipenda mno.)

Dada wa kompyuta hayo hayamhusu. Yeye aliacha vipeo juu na alama za jumla mahali pake; kwingine mjini walinishushia -1/x² mstarini, ikawa kutoa. Wino mweusi kweli, haupakazi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya spairo: plastiki yake nyembamba, kurasa za mwisho zinachomoka. Mwisho wa muhula nenda asubuhi, foleni inafika barazani.