Ziara ya Mkunazini: Kiungani Inastahili Zaidi ya Sentensi Mbili

Ziara ya kutembezwa katika Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, Zanzibar, ambayo niliipata kupitia kampuni moja ndogo ya utalii, kwa sehemu kubwa ni kazi nzuri. Mwongozaji wetu alizungumza Kiswahili fasaha, hakutuharakisha, na alieleza kwa heshima jinsi soko la watumwa lilivyofungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Uingereza ilimshinikiza Sultani Barghash autie saini, na jinsi Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare, alivyosimamia ujenzi wa kanisa mahali palepale watu walipokuwa wakinadiwa.

Kilichonisikitisha ni kwamba Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilipewa sentensi mbili tu, tena tukiwa tunaelekea mlangoni. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer, aliyemtangulia Steere, wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na kutokana na hao kikazaliwa chuo kilichofunguliwa Kiungani, kusini mwa mji, mwaka 1869, ambako vijana waliokombolewa waliandaliwa kuwa walimu na wahudumu wa Kanisa. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa naye, alipewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoendesha chuo hicho, akahudumu Chitangali, kusini mwa Tanzania Bara ya leo. Miaka ya 1920 chuo kikahamia Minaki, karibu na Dar es Salaam.

Sisi tulikaa muda mrefu katika vyumba viwili vya chini, ambavyo wageni huonyeshwa kama mahali walipofungiwa watumwa, na sikatai, panastahili kukaliwa kimya. Lakini mgeni anayetoka pale akiwa ameona minyororo peke yake hawezi kujua kwamba baadhi ya watu wale walisoma, wakafundisha, wakasimama altareni kwa majina yao wenyewe. Nilipomuuliza mwongozaji habari za Swedi, alinisimulia kwa dakika kumi bila kusita. Kumbe anaijua historia hiyo, ila ratiba aliyopewa haina nafasi yake.

Ningeichukua tena ziara hii. Atakayekwenda amwombe mwongozaji mapema, kabla ya kushuka vyumbani, aanzie kwa wale wavulana watano.