OBS Studio: nimerekodia mihadhara muhula mzima

Nafundisha uhasibu mwaka wa kwanza, wanafunzi 140, chuo kimoja hapa Morogoro. Muhula uliopita niliamua kugeuza darasa: maelezo wayasikilize hosteli, mazoezi tufanye pamoja ukumbini. Nilitaka programu ya kurekodi kioo cha kompyuta pamoja na sauti yangu, na hela ya kununua sikuwa nayo. Nikapakua OBS Studio. Ni ya bure kweli: haibandiki nembo kwenye video yako wala haikuwekei kikomo cha dakika.

Siku ya kwanza inatisha. Vijidirisha vingi, na ukibonyeza kurekodi kabla ya kuiambia ichukue nini, unapata giza tupu. Ilitoka mwaka 2012, na wanaoipenda zaidi ni wale wanaorusha michezo ya kompyuta mubashara, watu wenye intaneti ya kumwaga. Mimi sikugusa mipangilio. Video yangu ya kwanza, dakika 52, ikakaribia gigabaiti moja. CR, yaani mwakilishi wa darasa, akanifuata koridoni: "Samahani Madam, video imekula bando la wiki, na mfano wa pili hatujaufikia."

Basi nikakaa nayo usiku. Nikashusha ukubwa wa picha hadi 720p, fremu 10 kwa sekunde (Excel haikimbii popote) na kilobiti 300 kwa sekunde. Dakika nane sasa, pamoja na sauti, ni kama megabaiti 22, na tarakimu zinasomeka ilimradi nikuze seli kabla ya kuanza. Mmoja anapakua, wenzake wanarushiana kwenye simu.

Nilichokipenda zaidi ni kurekodi kwa MKV, aina ya faili la video lisiloharibika kurekodi kukikatika ghafla. Umeme ulikatika nikiwa dakika ya sita, na laptopu yangu betri ilishakufa zamani. Ulipowaka, dakika zote sita zilikuwepo. Ningerekodi kwa MP4 ya kawaida huenda faili lisingefunguka. Ukimaliza unaligeuza kuwa MP4 humo humo, sekunde chache tu. Kuna pia kichujio cha kelele, kimenizimia feni. Jogoo wa jirani kimemshindwa.

Kukata na kuunga video hakuna. Ukikosea, unarudia au unatafuta programu nyingine. Na tazama kile kipimo cha sauti kikicheza kabla hujaanza. Mimi nilieleza mizania nzima maikrofoni ikiwa imezimwa, kosa langu mwenyewe.

Nyota nne. Ukumbini ndiko nilikoona faida yake. Mlangoni nagawa maswali matatu ya karatasi, kwa sababu wapo wanaokuja hawajaangalia chochote. Kisha wanakaa wanne wanne na daftari la fedha na taarifa ya benki nilizozitunga, nami napita katikati. Wiki ya usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, nilisimama nyuma ya kijana mmoja, namwona anachukua hundi ya 480,000 ambayo haijawasilishwa benki, anaijumlisha kwenye salio la taarifa ya benki badala ya kuitoa. Zamani kosa hilo ningelikuta kwenye karatasi ya mtihani. Nikamuuliza, "Hela hii benki wameshailipa?" Akanyamaza, akafuta. Binti wa pembeni yake akavuta daftari lake taratibu, naye akafuta.