Sungura au hibridoma?

Dogo mmoja anayesoma mambo ya maabara hapa Dodoma kaniuliza juzi tukisubiri chipsi, eti bro ukitaka kutengeneza kingamwili (protini za mwili zinazoshika vitu vigeni), kwa nini watu wahangaike na hibridoma, yaani seli chotara za maabara, wakati sungura yupo? Swali zuri aisee.

Sungura ni rahisi, unamchoma antijeni (kile kitu unachotaka kingamwili zishike), unarudia baada ya wiki kadhaa, unatoa damu kwenye mshipa wa sikio, seramu, yale maji ya damu yenye kingamwili, hiyo hapo. Ila kingamwili zake ni mchanganyiko, kila moja inashika sehemu yake, na akifa ndo basi, mwingine hakupi kitu kile kile.

Sasa hibridoma, ile ya wanasayansi Köhler na Milstein ya 1975 pale Cambridge, unachukua seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, kwenye bandama la panya aliyechomwa antijeni unaziunganisha na seli za saratani, mayeloma, halafu unazilisha HAT, chakula cha seli chenye kemikali za kuchuja: mayeloma ambazo hazijaungana zinakufa, seli B zilizobaki peke yake nazo hazidumu, wanabaki chotara tu. Kisha unazitenga moja moja kwenye visima vya pleti na kupima kila kisima, hapo ndo mgongo unauma. Ila ukishapata yako unaigandisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, miaka ikipita unaiamsha, kingamwili ile ile.

Tatizo inkubeta, lile kabati la kukuzia seli, inataka nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5 muda wote, na umeme wetu mnaujua, bila jenereta usianze. Nikamwambia kwa kipimo kama cha mimba, kinachotakiwa kiwe vilevile kila boksi, hibridoma, ila kwa risechi yake ya bajeti ya mkopo atafute sungura.