Asilimia moja ya muda, au kuhamia kijijini

Msanifu majengo anayetaka kuwahudumia wasio na uwezo wa kumlipa ana njia mbili ambazo zimejaribiwa vya kutosha nchini Marekani. Ya kwanza ilienezwa na Public Architecture, taasisi iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2002, ambayo iliziomba ofisi za usanifu zitoe asilimia 1 ya muda wao wa kazi bila malipo. Kwa mfanyakazi wa saa 2,080 kwa mwaka, hizo ni takriban saa 20. Ahadi hiyo ni nyepesi, na hapo ndipo penye nguvu yake, ingawa saa 20 zinatosha kuchora mlango mpana wa zahanati, si kusimamia ujenzi wake.

Ya pili ni ya Rural Studio, iliyoasisiwa mwaka 1993 na Samuel Mockbee na D. K. Ruth wa Chuo Kikuu cha Auburn, ambako wanafunzi huishi Hale County, Alabama, wakibuni na kujenga kwa mikono yao. Nyumba waliyoikamilisha mwaka 1994 huko Mason's Bend ina kuta za marobota ya nyasi kavu yaliyopigwa lipu, ambayo ni ya bei nafuu na huzuia joto na baridi. Kasi ni ndogo, tena chuo lazima kiwepo nyuma yake, lakini studio hubaki jirani na paa ililoliezeka, na likivuja huambiwa.

Kwa ofisi ya watu wachache ningechagua ya kwanza, mradi saa hizo ziandikiwe mkataba kama za mteja anayelipa, kwa sababu kazi ya bure isiyo na mkataba ndiyo huahirishwa kwanza.